Mtu asiye na nchi, au mkataa kwao?

Swali: Mwalimu, salamu kutoka Amu. Shuleni tulisoma kwa Kiingereza hadithi ya ofisa wa Marekani aliyeilaani nchi yake, akahukumiwa kuishi baharini mpaka kufa. Sasa nawasimulia wajukuu kwa Kiswahili, na jina la hadithi, "The Man Without a Country", linanitatiza. Niseme "mtu bila nchi", "mtu asiye na nchi" au "mtu asiye na kwao"?

Jibu: Nimefurahi mno, mzee wangu, kwamba hadithi hii inasimuliwa Amu kwa lugha yetu. Ni ya Edward Everett Hale, na ilichapishwa katika jarida la Atlantic Monthly, Desemba 1863, Wamarekani wakipigana wenyewe kwa wenyewe.

"Mtu bila nchi" liache. "Bila" hukaa vizuri karibu na kitendo: alisafiri bila nauli, alilala bila kula. Tunapoeleza mtu alivyo, tunatumia kirejeshi: asiye na haya, asiye na mke. Kwa hiyo "Mtu Asiye na Nchi" ni sahihi, wala simkosoi anayelitumia.

Hata hivyo, nchi, au nti kama msemavyo huko, ina mipaka na serikali, na mgeni anaweza kuipata kwa hati. "Kwao" ni jambo jingine. Liangalie umbo lake: tunamtaja mtu mmoja, lakini kimilikishi ni cha wengi. Ukimuuliza kijana barazani, "Kwenu wapi?" atajibu, "Kwetu Shela," hata kama hapa Malindi ana nyumba yake anayoiita kwangu. Kwake mtu hupajenga au hupapanga. Kwao hupakuta, pamoja na watu waliomtangulia.

Philip Nolan, ofisa wa hadithi hiyo, alikuwa na kwake. Alipewa chumba melini na vitabu vya kusoma, ila magazeti yalikatwa kila palipotajwa Marekani, na sare yake ilishonwa vifungo vitupu visivyo na alama ya nchi. Alihamishwa manowari hadi manowari kwa zaidi ya miaka 50. Alichokosa ni kwao, na hakunyang'anywa kwanza: alikikataa mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya mahakama ya kijeshi. Ndiyo maana "asiye na kwao" pia halinitoshi, kwani twalisema hata kwa yatima asiye na kosa. Mimi ningeiita "Mkataa Kwao", na wajukuu wataisikia methali yote humo: mkataa kwao ni mtumwa.

Tena kuna pahala methali hiyo inauma hasa. Manowari inakamata jahazi la watumwa, na Nolan, kwa kuwa anajua Kireno, anaitwa afasiri. Ofisa anataka kuwashusha watumwa hao Rasi ya Palmas, pwani ya Afrika Magharibi, wakiwa huru. Wanakataa kwa kelele: warudishwe kwao, kwa wake zao na watoto wao. Ni Nolan anayelazimika kuyatamka maneno hayo. Ukifika hapo, usiseme "turudisheni nchini mwetu", ambayo ni lugha ya ofisi. Sema "turudisheni kwetu", kisha unyamaze kidogo, wajukuu wamtazame mtu anayetakiwa kulisema neno hilo kwa niaba ya wengine.