Maswali ya Wasomaji: Nyuso mbili kwenye sarafu ya euro 2

SWALI: Ndugu Mhariri, mpwa wangu aliyekuwa masomoni Finland aliniletea sarafu ya euro 2 ya mwaka 2006. Katikati yake umechorwa uso wa mwanamke na uso wa mwanamume, na kati yao umepita mstari mwembamba. Kwa kuwa nimezoea kuona watawala kwenye sarafu, niliwaambia wajukuu kwamba hao ni mfalme na malkia wa huko. Sasa kijana mmoja wa mtaani anasema Finland haina mfalme, tena anataka kuinunua kwa kuwa eti ni adimu. Hao ni akina nani, na je, niiuze?
Mwalimu mstaafu, Tabora

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Kijana huyo amepatia la kwanza na kulikosa la pili. Finland ni jamhuri, na nyuso hizo si za mfalme wala malkia: ni mwanamke na mwanamume wasio na majina, waliowekwa hapo kumwakilisha mpiga kura. Sarafu hiyo ilitolewa Oktoba 2006 kuadhimisha miaka 100 tangu nchi hiyo ilipowapa watu wazima wote, wake kwa waume, haki sawa ya kupiga kura, na mchoro wake ni kazi ya msanii Pertti Mäkinen.

Kosa lako linaeleweka. Sisi tuna Mwalimu Nyerere kwenye shilingi 100 na Mzee Karume kwenye shilingi 200, na hata Kenya ilipotoa sarafu ya shilingi 40 mwaka 2003 kwa kumbukumbu ya miaka 40 ya uhuru, sura iliyowekwa ilikuwa ya Rais Mwai Kibaki. (Katiba yao ya mwaka 2010 ilikuja kupiga marufuku sura ya mtu yeyote kwenye fedha, ndiyo maana sarafu zao za mwaka 2018 zina wanyama.)

Mwaka 1906 Finland ilikuwa bado chini ya Urusi, ikiwa na baraza la matabaka manne, yaani makabaila, makasisi, wafanyabiashara wa mijini na wakulima wenye ardhi, kiasi kwamba kibarua, mtumishi wa nyumbani na wanawake karibu wote hawakuwa na sauti yoyote humo. Urusi iliposhindwa vitani na Japani na kutikiswa na maasi ya ndani mwaka 1905, Wafini nao waliitisha mgomo mkuu, na mtawala wa Urusi, Tsar Nicholas II, akalazimika kukubali mageuzi. Sheria aliyoiidhinisha Julai 1906 iliyafuta matabaka hayo, ikaunda Bunge moja la viti 200, na kumpa kura kila raia aliyefikisha miaka 24, hata idadi ya wapiga kura ikaongezeka takribani mara kumi kwa mkupuo mmoja. Neno "wote" lilikuwa na mipaka yake, kwani aliyekuwa akiishi kwa msaada wa maskini, kwa mfano, aliachwa nje.

Jambo ambalo mimi naliona kubwa zaidi ni kwamba wanawake waliruhusiwa pia kugombea. New Zealand ilikuwa imewapa wanawake kura tangu mwaka 1893, lakini iliwafungulia mlango wa kugombea ubunge mwaka 1919. Katika uchaguzi wa Finland wa Machi 1907 walichaguliwa wanawake 19, wabunge wa kwanza wanawake duniani, na miongoni mwao alikuwamo Miina Sillanpää, aliyepata kuwa mfanyakazi wa kiwandani tangu utotoni na kisha mtumishi wa ndani, ambaye mwaka 1926 alikuja kuwa waziri.

Wewe unayeandika kutoka Tabora huenda unaielewa thamani ya kura iliyo sawa kwa wote kuliko mimi, kwa kuwa ni hapo, Januari 1958, mkutano wa TANU ulipojadili kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka mpiga kura awe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa, kisha achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja.

Kuhusu bei, zilitolewa sarafu milioni 2.5 za aina hiyo, kwa hiyo si adimu. Ni fedha halali katika nchi zote zinazotumia euro, na thamani yake dukani ni euro 2 tu. Mkusanyaji wa sarafu huweza kuongeza kidogo ikiwa haijachakaa. Maduka ya kubadilishia fedha kwa kawaida hupokea noti na kuzikataa sarafu za kigeni, basi kijana akitoa zaidi ya euro 2 hakudhulumu, ingawa mimi ningeiweka kwa ajili ya wajukuu. Ukitaka kuhakikisha kwamba ni halisi, soma ukingo wake, ambako pameandikwa SUOMI FINLAND, kisha isogezee sumaku, ambayo huivuta kidogo sehemu ya kati. Ila usiisugue kwa ndimu wala majivu ili ing'ae, kwa maana sarafu iliyosuguliwa wakusanyaji huikataa.