Re: Ganda la risasi la babu kutoka Taita, ni la Mwingereza au la Mjerumani?

Habari ndugu. Kwa hiyo una ganda la risasi la shaba, rula inasema milimita 57 hivi, unataka kulisafisha kwa ndimu, na hujui ni la upande gani katika vita vya 1914–1918.

Kwanza hakikisha ni tupu. Kama risasi yenyewe bado imo mdomoni, usiichokonoe. Liache lilipo uwaite polisi.

Urefu hautakusaidia. Ganda la .303, risasi ya bunduki ya Mwingereza, ni karibu milimita 56, la Mauser ya 7.92 ya Mjerumani ni 57, na rula ya shule haioni tofauti hiyo. Pitisha ukucha ubavuni ukielekea kwenye kitako. Ukigonga ukingo uliotokeza nje, ni .303. Ukizama kwenye mfereji, na kitako kikawa na unene sawa na mwili, ni 7.92.

Kuna mtego hapa: Mauser ya 1871, ile ya baruti ya moshi mwingi ambayo askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Mjerumani, walianza nayo vita, nayo ina ukingo. Ila risasi yake ni ya milimita 11, kwa hiyo penseli itacheza sana mdomoni.

Na ndimu achana nayo kabisa! Inakula herufi. Tumia sabuni, maji vuguvugu na mswaki laini, kisha paka vumbi la chaki usome kitako. Alama ya VII kwenye .303 pekee haitoshi, maana toleo hilo lilianza 1910 likatumika hadi Vita vya Pili. Tafuta tarakimu mbili za mwaka, mfano 15 au 41, kabla hujaanza kuitaja Salaita, kilima cha mapigano ya 1916 karibu na Taveta. Ukipiga picha, mulika tochi kutoka ubavuni.