Kabla ya kuinyanyua Land Cruiser ya zamani, jua kwanza inabeba kilo ngapi

Mtu akiniomba ushauri wa kunyanyua Land Cruiser ya zamani, yaani kuongeza kimo chake kwa kubadilisha springi, swali langu la kwanza ni moja: unabeba nini? Wengi hujibu kwa inchi. Wanataka mbili, wengine tatu, kwa sababu wameona gari la mwenzao limesimama vizuri. Springi hainunuliwi kwa inchi, inanunuliwa kwa kilo. Ukianza na inchi, utajikuta unabadilisha kitu kimoja baada ya kingine na gari bado linakutupa.

Nazungumzia hasa HZJ75, ile yenye injini ya 1HZ ya dizeli, lita 4.2, na springi za majani (mabamba ya chuma yaliyopangwa juu ya jingine) mbele na nyuma. Mwaka 1999 Toyota ilibadilisha sehemu ya mbele ikaweka springi za koili, kwa hiyo mwenye modeli za baadaye, 78 au 79, atachukua hapa mambo ya nyuma, ya mbele yana hesabu yake. Langu ni hilo la zamani. Nalitumia kwenye makorongo na mawe kati ya Engaruka na Ngare Sero, kwenye udongo mweusi wakati wa mvua, na ile barabara ya Naabi kwenda Seronera, kule Serengeti, ambayo kila dereva wa Arusha anaijua mgongoni mwake.

Kabla ya kununua chochote, lirudishe gari katika afya yake. Gari la umri huu likiyumba au kugonga, mara nyingi shida ni bushi (vipande vya mpira au plastiki ndani ya viungo) zilizokwisha, shakeli (vishikio vya ncha ya springi kwenye chasisi) zilizolika na bolti zilizolegea, si ufupi wa springi. Ingia chini na mtaimbo, tikisa kila kiungo. Angalia majani yenyewe kama yana nyufa karibu na senta bolti, ile inayofunga majani pamoja katikati, na chasisi pale springi na shokapu (kinachotuliza mruko wa springi) zinapofungwa. Ukiweka springi mpya juu ya bushi zilizokufa umepoteza hela. Kwa bushi mimi nachagua mpira wa kawaida. Zile za plastiki ngumu hudumu, sikatai, lakini hupeleka mtikisiko moja kwa moja kwenye chasisi, na vumbi likiingia zinalia safari nzima.

Sasa uzito. Lijaze gari kama unavyosafiri: mafuta, maji, hema, tairi mbili za akiba, abiria. Kisha lipeleke kwenye mizani na upime mbele peke yake, halafu nyuma peke yake. Watu hushangaa. Yale yenye matanki mawili ya lita 90 hubeba dizeli ya takribani kilo 150 kabla hujaweka hata begi moja. Ongeza keria ya juu ya paa, bampa ya chuma, winchi ya kuvutia gari. Ukishakuwa na namba hizo, linganisha na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha gari. Springi mpya hazikupi ruhusa ya kuupita, maana breki, ekseli na chasisi ni zile zile. Watengenezaji wa Australia, kama ARB na springi zao za Old Man Emu, hupanga bidhaa zao kwa uzito wa kudumu: gari tupu, mzigo wa kati, mzigo mzito. Muuzaji asiyekuuliza uzito, muage.

Hapa kwetu njia ya haraka ni kuongeza jani, wakati mwingine jani lililotoka kwenye lori. Gari linanyanyuka kweli. Lakini springi inakuwa ngumu kuliko mzigo, na springi ngumu haikunjuki. Ukikatiza korongo kwa pembe, tairi moja inabaki hewani, na kama difu (gia ya kwenye ekseli inayogawa nguvu kwa tairi mbili) haina loku ya kuzifunga tairi zizunguke pamoja, nguvu yote inakimbilia tairi hiyo inayozunguka bure. Umenyanyua gari na umelifanya likwame mapema zaidi. Nyingine ni kupasha majani moto na kuyakunja upya. Chuma cha springi kikipashwa bila kupozwa na kukazwa kwa joto lake sahihi hupoteza ugumu, na baada ya muda mfupi gari linarudi chini, safari hii likiwa limeinama upande mmoja.

Shokapu ndiyo sehemu ambayo singebania hela. Barabara yenye vijituta mfululizo kama bati inaifanya shokapu ipande na kushuka bila kupumzika, mafuta ndani yanachemka na kutoa povu, na ghafla gari linaanza kuelea kwenye kona. Simama, isogelee kwa mkono bila kuigusa, joto utalisikia. Chagua yenye mwili mnene na mafuta mengi, iliyotengenezwa kwenda na springi hizo. Urefu wake nao ni muhimu: gari likinyanyuliwa na shokapu ikabaki ya zamani, inafika mwisho wake kila tairi inaposhuka, na hapo ndipo vishikio vyake hukatika.

Kuhusu kimo, inchi 2 zinatosha. Springi hunyanyua bodi na chasisi, difu hubaki pale pale. Kinachonyanyua difu ni tairi kubwa. Ukizidisha, propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu) inakaa kwenye pembe mbaya na kuanza kutetemesha gari, na uzito unapanda juu. Kwa gari lenye keria iliyojaa hilo ni hatari halisi kwenye mteremko wa pembeni, na ndani mna watu. Usinyanyue mbele kwa shakeli ndefu pia: zinageuza ekseli, pembe ya kasta (mwinamo wa mhimili wa kugeuzia tairi za mbele) inapungua, na usukani hautaki tena kurudi wenyewe. Hata kwa springi nzuri, ipimishe pembe hiyo baada ya kazi; ikipungua, fundi huirekebisha kwa kabari za chuma kati ya springi na ekseli.

Jambo ambalo mafundi wengi husahau liko nyuma. Kuna vali ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo, inayopima gari limebeba kiasi gani. Ukinyanyua gari, vali inadhani nyuma ni tupu, inapunguza breki za nyuma hata kama umejaza. Kama gari lako linayo, lazima fimbo irekebishwe. Angalia pia hosi za breki zisivutike ekseli inaposhuka hadi mwisho.

Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya, usirudishe za zamani, na zikazwe upya baada ya kilomita 500. Zikilegea, senta bolti inakatika, ekseli inasogea, na huko porini hakuna wa kukuuzia nyingine. Weka moja ya akiba kwenye boksi la spana. Halafu beba kipimo cha upepo na pampu. Mimi kwenye vijituta nashusha upepo wa tairi kutoka paundi 40 kwa inchi ya mraba hadi karibu 28, naendesha polepole kidogo, na nikifika lami najaza tena kabla ya kuongeza mwendo.