Re: Jeli ya PNIPAM inamwaga dawa saa ya kwanza halafu inagoma
Habari mkuu, kama nimekuelewa, jeli yako ya PNIPAM (polima inayovimba kwa maji ikiwa baridi na kusinyaa ikipata joto) ukiitia kwenye bafa (maji yanayoshikilia pH, yaani kiwango cha asidi, isibadilike) ya nyuzi 37 inamwaga dawa kibao saa ya kwanza halafu kimya, na nyingine bado imo ndani. Hii ilinitesa sana. Kabla hujagusa fomula, cheki kwanza kama uliisuuza baada ya kuilowesha kwenye dawa, suuza haraka haraka tu, upime na yale maji ya kusuuzia, maana dawa iliyoshika juu juu inatoka yenyewe. Kama ulisuuza na bado, basi ni ngozi: PNIPAM inasinyaa ikivuka kama nyuzi 32, sasa ukiitoa kwenye baridi ukaitumbukiza ghafla, upande wa nje unasinyaa kwanza, unakamua maji pamoja na dawa, halafu unajifunga kama ganda na ya ndani inakwama. Mimi nilikata vipande vyembamba nikapandisha joto taratibu, mambo yakatulia. Kuchanganya asidi ya akriliki kidogo kwenye jeli unapoitengeneza kunasaidia pia, ila kwenye pH 7.4 inapandisha joto la kusinyaa, ukizidisha joto hilo likapita 37 jeli haisinyai kabisa kwenye bafa yako. Hujasema vipande vyako vina unene gani, tupia hapa.