Nimetiwa hatiani kwa ulevi, nani atanipa bima?

SWALI: Shikamoo anko. Niko Dallas, Texas. Nilihukumiwa kwa kuendesha nimelewa, gari nimeshauza. Sasa nadaiwa SR-22 ili nirudishiwe leseni. Ni bima gani hiyo, na gari sina?
Mpwa wa Dallas

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Hiyo si bima. Ni fomu ambayo kampuni ya bima inaipeleka serikalini kuthibitisha kwamba umekatiwa bima. Texas utakaa nayo miaka 2 tangu siku ya hukumu.

Omba bima ya dereva asiye na gari, ipo, na kwa kawaida ni nafuu. Iwe inaweza kulipa angalau dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa ajali nzima na 25,000 kwa mali. Kosa usilifiche, rekodi yako wataichungulia tu. Kampuni mbili zikikukataa, mwambie wakala akuombee kupitia TAIPA, mpango wa Texas wa kuwapatia bima madereva waliokataliwa na kampuni.

Ukiacha kulipa, kampuni inaiarifu serikali na leseni inafungiwa tena. Ningekuwa wewe ningelipa miezi sita kwa mkupuo. Na hao wanaouza "bima ya bei poa" WhatsApp, achana nao kabisa.