Maswali ya Wasomaji: Saa ya Kupiga Mbizi Inayochajiwa na Mwanga

SWALI: Mhariri mpendwa, pokea salamu zangu kutoka South B, Nairobi. Mimi ni karani katika ofisi moja hapa jijini, na kila ninapopata likizo huenda Diani kujifunza kupiga mbizi. Mwalimu wangu amenishauri niwe na saa yangu mwenyewe, mbali na kompyuta ya mbizi (kifaa cha kuonyesha kina na muda majini) ninayokodi. Dukani nimeonyeshwa Citizen Promaster yenye nambari BN0150 kwa shilingi 26,000, na muuzaji anasema haitanisumbua kwa betri kwa kuwa inatumia mwanga. Kwa kipato changu hizo si fedha kidogo, ingawa nimeona saa nyingine za aina hiyo zikiuzwa mara tatu ya bei hiyo. Je, inafaa? Na mimi ninayeshinda ndani kutwa, hilo jua nitalipata wapi?
Karani, South B

JIBU: Ndugu Karani, saa hiyo inafaa, mradi iwe halisi. Nitakueleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu muuzaji amekutajia faida iliyo ndogo akaiacha iliyo kubwa. Kuepuka gharama ya betri ni jambo jema, lakini betri ya saa si kitu cha kumfilisi mtu. Faida yenyewe ni kwamba kifuniko cha nyuma hakifunguliwi mara kwa mara. Saa ya kawaida ya betri hufunguliwa kila baada ya miaka michache, na hapa Nairobi kazi hiyo mara nyingi hufanywa kando ya barabara, vumbi likipita, sili ya mpira ikirudishwa vilevile ilivyotolewa, kavu na pengine imejikunja, kisha mwenye saa hukabidhiwa mali yake bila kupimwa kama bado inazuia maji. Anayeivaa kwenda kazini hatadhurika kwa hilo. Anayeshuka nayo chini ya bahari ndiye atakayejua kwamba sili haikukaa sawasawa.

Sili nayo haidumu milele. Mpira huzeeka kwa chumvi, joto na jasho hata kama saa haijafunguliwa, kwa hiyo baada ya miaka michache ya matumizi ya baharini ipeleke kwenye karakana yenye mashine ya kupima shinikizo, ubadilishiwe sili na saa ipimwe. Uliza kuhusu mashine hiyo kabla ya kuitoa saa mkononi.

Sasa tuje kwenye maandishi ya mita 200 yaliyo usoni pa saa hiyo, maana hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezwa. Kila mita kumi za maji huongeza shinikizo linalokaribia lile la hewa tunayoishi ndani yake. Wewe kama mwanafunzi wa ngazi ya kwanza hutapita mita 18, na upigaji mbizi wa burudani kwa kawaida huishia mita 40, kwa hiyo mita 200 huonekana kama kiasi cha kupita mahitaji. Lakini cha maana kuliko nambari hiyo ni kipimo kilichotumika kuithibitisha. Saa zilizoandikwa neno DIVER'S pamoja na kina chake hutengenezwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 6425, kilichotolewa kwanza mwaka 1982 na kurekebishwa mara ya mwisho mwaka 2018. Kiwango hicho hudai kila saa ipimwe moja moja, wala si kuchagua chache kwa niaba ya nyingine, na ipimwe kwa shinikizo linalozidi kwa asilimia 25 lile lililoandikwa usoni. Aidha hudai saa isomeke gizani kutoka umbali wa sentimita 25, istahimili maji ya chumvi, na iwe na alama inayosogea kuonyesha kwamba bado inafanya kazi, kwa maana saa iliyosimama bila mvaaji kujua ni hatari kuliko kutokuwa na saa kabisa. Saa yenye maandishi ya WATER RESIST 20 BAR pekee (yaani shinikizo la mita 200), bila neno DIVER'S, inaweza kuwa imara, ila mtengenezaji hajakuahidi mambo hayo yote.

Ukirudi dukani, ishike saa mkononi na uichunguze bila haraka. Anza na pete ya nje inayozunguka uso wa saa. Inapaswa kuzunguka upande mmoja tu, kinyume na mwendo wa akrabu, na kila hatua uisikie ikishika kwa mlio mdogo ulio sawa na wa hatua iliyotangulia. Unapoanza kushuka majini huizungusha mpaka alama yake yenye nukta ing'aayo ikabiliane na akrabu ya dakika, na tangu hapo unasoma dakika zilizopita moja kwa moja kwenye pete. Imefanywa ya upande mmoja kwa makusudi: ikigongwa na mtungi au ukingo wa mashua ikasogea, itaonyesha kwamba umekaa majini muda mrefu kuliko ulivyokaa, nawe utapanda mapema. Kosa la namna hiyo halimuui mtu. Pete inayozunguka pande zote mbili, au inayolegea ukiisukuma kwa kidole kimoja, iache hapo hapo hata kama bei imepunguzwa nusu.

Kisha tazama kifundo cha kurekebishia majira, ambacho katika saa uliyoonyeshwa kiko mahali pa namba 4 badala ya namba 3 ili kisikuchome kiganja unapokunja mkono. Lazima kifunguke na kufungwa kwa kuzungushwa kama skrubu, kiingie laini bila kukwaruza. Omba pia uingie nayo kwenye chumba cha nyuma kisicho na taa, uone kama akrabu ya dakika inajitenga na ya saa kwa mng'aro na umbo. Chini ya maji, dakika ndizo utakazozitafuta kwanza.

Kuhusu jua, usiwe na hofu. Citizen ilitoa saa yake ya kwanza ya akrabu inayotumia mwanga mwaka 1976, na jina la Eco-Drive linalobebwa na saa yako limekuwapo tangu mwaka 1995, kwa hiyo hutanunua kitu cha kujaribiwa juu yako. Uso wa saa hupitisha mwanga kidogo, na chini yake kuna seli ya sola inayochaji betri ndogo. Ikijaa, saa hiyo huenda miezi sita hivi gizani. Jua la mchana hapa kwetu hufikia laksi (kipimo cha mwanga) laki moja, ilhali meza ya ofisi yenye taa nzuri hupata laksi mia tatu hadi mia tano tu, na kwa hivyo dakika chache za nje hufanya kazi ambayo taa za ofisini huifanya kwa saa nyingi. Matembezi yako ya kwenda kula chakula cha mchana yanatosha kuiweka hai. Angalizo langu ni la miezi ya Juni hadi Agosti, mawingu yanapoifunika Nairobi na watu wakavaa sweta zenye mikono mirefu: saa iliyofichwa chini ya nguo haichaji. Iweke dirishani asubuhi moja moja za wikendi, ila usiiache juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, kwa kuwa joto la kupita nyuzi 60 huharibu betri na sili.

Udhaifu wake uko kwenye kioo. Ni kioo cha madini, kisichopasuka ovyo lakini kinachokwaruzika, kwa sababu chembe za kwazi zilizomo kwenye mchanga na vumbi ni ngumu kuliko chenyewe. Kioo cha yakuti iliyotengenezwa kiwandani hakiguswi na vumbi hilo, na utakipata kwenye saa kama Seiko Prospex SNE573, ambayo nayo ni ya sola, ina mita 200 na kipenyo cha milimita 38.5, kwa hiyo hukaa vizuri kwenye kifundo chembamba cha mkono. Bei yake ni kubwa zaidi. Kwa mtu mwenye shilingi 26,000 na nia ya kuitumia majini, mimi ningekubali mikwaruzo na kubakiza fedha nyingine kwa ajili ya mafunzo.

Kwa kuwa unaishi Nairobi, kuna jambo jingine ambalo saa hiyo itakusaidia, nami nakusihi ulizingatie. Jiji letu liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya mwinuko inaweza kumdhuru aliyetoka kupiga mbizi karibuni. Mwongozo wa wataalamu wa usalama wa mbizi kuhusu kusafiri kwa ndege ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji kusimama njiani wakati wa kupanda, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa au za siku mfululizo, na mwinuko wa Nairobi unaingia katika kiwango kinachohusika hata ukipanda treni au basi badala ya ndege. Pete ya saa huhesabu dakika sitini tu, kwa hiyo andika kwenye daftari lako la mbizi majira uliyotoka majini siku ya mwisho, kisha upange tiketi ya kurudi kwa kuanzia hapo.

SWALI: Mhariri, nilinunua saa ya mtumba ya Seiko ya sola yenye maandishi ya DIVER'S 200m. Akrabu ya sekunde haitembei kama ya saa nyingine, bali inatulia kisha inaruka sekunde mbili kwa pamoja. Fundi wangu amesema mtambo umechoka, na amependekeza aitoe betri iliyomo aniwekee ya kawaida ili niachane na mambo ya sola. Nimkubalie?
Msomaji, Kayole

JIBU: La, usimkubalie. Mruko huo wa sekunde mbili si ugonjwa. Ni ishara iliyowekwa na mtengenezaji kukujulisha kwamba chaji inakaribia kwisha, na Citizen hutumia ishara hiyo hiyo. Saa za mtumba hukaa sana ndani ya droo na masanduku, kwa hiyo yako inawezekana haijaona mwanga kwa miezi mingi. Iweke mahali penye mwanga wa jua, lakini pasipo na joto kali, kwa saa kadhaa kila siku mpaka akrabu irudi kutembea sekunde moja moja, kisha uendelee kuichaji siku kadhaa zaidi, maana kuanza kutembea vizuri si dalili ya kujaa. Baada ya hapo ilaze ndani ya kabati lenye giza kwa wiki mbili au tatu. Ikitoka ikiwa bado inatembea vyema, betri yake ni nzima. Ikirudia kuruka mapema, betri ndiyo iliyochoka na inahitaji kubadilishwa kwa ya aina yake.

Ninasisitiza hayo ya mwisho. Betri iliyomo ndani ni ya kuchajiwa, na seli ya sola itaendelea kusukuma umeme ndani yake iwe ya aina yoyote. Betri ya kawaida haikuundwa kupokea chaji. Inaweza kuvuja, kupata joto na hata kupasuka, ukapoteza mtambo mzima. Watengenezaji huonya juu ya jambo hilo katika vijitabu vyao.

Kwa kuwa ni ya mtumba na hujui nani aliwahi kuifungua, usiingie nayo baharini kabla ya kuipima. Kuna jaribio jepesi linalotokana na kiwango kile kile nilichokitaja hapo juu: saa ikishapata joto la kiasi, nyuzi 40 hivi, dondosha tone la maji baridi juu ya kioo, ngoja dakika moja, kisha lipanguse. Ukungu ukionekana upande wa ndani, kuna unyevu ambao umeshaingia, na saa hiyo haitoki nyumbani mpaka ikaushwe na kuwekewa sili mpya. Usipoona ukungu, bado unahitaji kipimo cha shinikizo, kwa maana jaribio hilo hufichua maji yaliyokwisha kuingia na si yale yatakayoingia. Itazame pia namba ya mfululizo mgongoni: katika saa za Seiko za namna hiyo, tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka ilipotengenezwa, na inayofuata huonyesha mwezi. Ukijua umri wake utakadiria umri wa sili.

SWALI: Mimi hufundisha watoto kuogelea Kasarani. Je, Casio ya sola yenye maandishi ya 10 BAR itanitosha, au lazima ninunue ya mita 200?
Mwalimu wa kuogelea

JIBU: Itakutosha, Mwalimu. Maandishi hayo yanafaa kwa bwawa, mvua na hata kuogelea baharini, na huna sababu ya kulipia kina usichokifikia. Usiitumie kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Usivute kifundo wala kubonyeza vitufe ukiwa majini, na usiingie nayo bafuni kwenye maji ya moto, kwa sababu joto na sabuni huchosha sili. Klorini nayo hula mpira polepole: kila utokapo bwawani isuuze saa kwa maji safi ya bomba, kifundo kikiwa kimefungwa, uipanguse kwa kitambaa, kisha uiache ikauke juu ya meza iliyo karibu na dirisha.