Mtihani wa la nne ufutwe? Mi naulizia lile jaribio la Ijumaa

Mmeuliza wiki hii kama mtihani wa taifa wa darasa la nne ufutwe. Nilivyosoma tu nikasema ufutwe hata leo. Wangu yuko la nne, Jumamosi twisheni, likizo twisheni, na mtaani swali ni moja tu, kawa wa ngapi? Wa 12 kati ya 94. Haya, huyo wa 12 anajua nini na hajui nini? Ripoti imeandikwa "ongeza bidii", basi.

Mi la sita nilikuwa na mwalimu wa hesabu ambaye hadi leo namkumbuka. Ijumaa moja alitupa jaribio la sehemu, nusu jumlisha theluthi, karibu darasa zima tukaandika 2/5. Tukajua leo fimbo. Akaja na karatasi hazina hata alama, akamwita jirani yangu ubaoni, fanya kama ulivyofanya. Jamaa akajumlisha juu, akajumlisha chini, akapata 2/5 yake kwa mwandiko mzuri kabisa. Mwalimu akamuuliza, hiyo na nusu ipi kubwa? Kimyaa, anahesabu vidole. Nusu, mwalimu. "Kwa hiyo ulikuwa na nusu, ukaongezewa, ikapungua?" Tulicheka, na yeye akacheka. Basi akaifundisha mada upya toka mwanzo, akatupa jaribio lingine, hilo ndo akajaza alama. La kwanza hakuliandika popote.

Mi swali langu ndo hilo, majaribio ya hivyo yako wapi? Maana toka Azimio la Musoma, lile la TANU kuhusu elimu, 1974, tunaambiwa kazi za kila siku zihesabiwe, na siku hizi kidato cha nne alama 30 zinatoka shuleni, 70 mtihani wa mwisho. Ila hizo 30 zinavyopikwa tunajua wote, tusidanganyane. Na mwalimu wa watoto 94 asahihishe madaftari saa ngapi, usiku?

Sasa ukifuta wa taifa unabaki na za kupikwa tupu. Kwa hiyo, sikutegemea kuandika hivi, ubaki, angalau msahihishaji hamjui mtoto wa mtu. Ila shule ziache kupanga watoto nafasi. Na NECTA, Baraza la Mitihani, huwa wanatoa uchambuzi wa majibu, swali gani limeangusha wengi na kwa nini, kitu kizuri sana, shida kinatoka mtoto ameshaingia la tano kwa mwalimu mwingine.